Wigi la Bi Saumu na Kichwa cha Mwalimu Foibe

Kwa miaka mitatu nilitunza nywele za dawa za wanawake wa Ikungi nikiwa mwenyewe sina nywele. Sisemi zilikuwa fupi, wala sisemi zilikatika ncha. Nilikuwa na kichwa chenye mabaka kama shamba la mtama lililopitiwa na ndege kwelea, na juu yake nilivaa wigi jeusi lililofika mabegani. Wanawake walikaa kwenye kiti changu, wakanitazama kwenye kioo, wakasema, "Anti Vero, nataka ziwe kama zako."

Sabina na Mwanaidi, ninyi mliobaki na saluni, mliniomba niandike niliyojifunza kazini ili wasichana wanaokuja kujifunza wasome, badala ya kunipigia simu nikiwa napalilia alizeti. Naandika. Habari za kipato nimeziruka, kwa sababu hazijazi hata mstari. Nitaandika jinsi kichwa cha mtu kinavyotunzwa, na jinsi changu kilivyoharibika, maana mambo hayo mawili hayatengani. Yupo mtu mmoja ambaye sijawahi kumwambia habari ya wigi, na inabidi aijue kutoka kwangu kabla hamjazipeleka karatasi hizi kutolewa kopi. Nitamfikia.

Kazi niliianza mjini Singida, kwa Bi Saumu. Baba yake alikuwa Mnyiramba mwenye duka sokoni, mama yake mtu wa Tanga, kwa hiyo alijua kugomba kwa lugha laini. Angeweza kukutukana ukamshukuru, ukafika nyumbani ndipo ukaumia. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa gauni la kanisani, nikitegemea kupewa kitana. Nilipewa kikombe na kuonyeshwa ndoo tatu.

"Yaonje," akasema.

"Niyaonje maji, mama?"

"Kwani ulimi wako una kazi gani nyingine asubuhi hii?"

Nikaonja. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya bomba, ya pili ya mvua, ya tatu ya kisima, na hiyo ya tatu ilikuwa na chumvi kama machozi. Bi Saumu akaniambia hilo ndilo somo la kwanza la nywele za dawa katika mkoa huu. Maji ya chumvi hayatoi povu. Ukiosha nywele za dawa kwa maji hayo ukaziacha hivyo hivyo, zinakakamaa kama ufagio wa uwanja, na mteja atasema dawa yako ni mbaya. Dawa unaitoa kichwani kwa maji yoyote yaliyopo, bora yawe mengi, lakini maji ya mwisho yawe ya mvua. Ndiyo maana nyuma ya saluni yetu kuna mapipa manne. Nilionja maji kwa wiki mbili kabla sijagusa kichwa cha mtu. Mpaka leo naweza kuonja maji nikakutajia kisima yalikotoka, ustadi ambao haujanifaa mahali pengine popote.

Somo la pili lilikuwa swali. Kabla hajafungua kopo la dawa ya kunyoosha, Bi Saumu alimuuliza kila mteja, "Umejikuna?" Kila mteja alijibu, "Sijajikuna." Na Bi Saumu alisema, "Haya, kichwa kitatuambia."

Katika miaka yangu yote sijakutana na mwanamke aliyekubali kwamba amejikuna. Nimewauliza watawa. Nimemuuliza hakimu. Wote hawajajikuna. Halafu dawa inagusa ngozi na hakimu anaruka kitini. Bi Saumu alinifundisha nisisikilize mdomo, nitazame kucha, maana kucha za mtu aliyejikuna zina unga mweupe kwa chini. Ukiona unga, mpe chai, mpe pole, mpe siku nyingine. Hata aliyefumua nywele jana mpe wiki nzima, kwa sababu usiku wa kufumua hakuna mwanadamu asiyejikuna.

Yaliyobaki mnayajua, lakini nayaandika kwa ajili ya wageni. Gawa kichwa mafungu manne. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi yote, ukumbuke nyuma ya masikio, ambako wengi husahau. Vaa glavu, mimi nilidharau glavu mwanzoni, na vidole vyangu sasa havisomwi na mashine ya alama za vidole. Dawa ipakwe kwenye nywele changa tu, zile zilizoota chini tangu mara ya mwisho. Zilizowahi kupakwa usiziguse, kwa kuwa wali ulioiva haurudishwi jikoni. Fuata saa ya ukutani, usifuate maneno ya mteja anayesema, "Ongeza kidogo, zangu ni sugu." Lakini akisema inawaka, iwe dakika ya pili au ya kumi, mwinamishe umwoshe papo hapo. Usimalize sehemu uliyobakiza. Usijibu simu. Usimsalimie mtu.

Hilo la mwisho halikutoka kwa Bi Saumu. Nimeliongeza mwenyewe, na sababu yake ni hii.

Baada ya miaka mitatu kwa Bi Saumu nilikuwa nimeolewa Ikungi. Mume wangu, Baba Elia, alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na alinipatia chumba kilichotazama barabara ya Dodoma. Saluni ingefunguliwa Jumamosi. Alhamisi niliamua kujipaka dawa mwenyewe, ili wateja wakute mwenye saluni amependeza. Bi Saumu alikuwa ameshaniambia kwamba mganga hajigangi. Nilidhani anazungumzia waganga.

Nilijipaka vizuri, nikatazama saa. Dakika kumi na tano, basi. Kwenye dakika ya kumi na mbili nikasikia hodi. Alikuwa Mzee Yohana, mjomba wa mume wangu, amekuja kwa baiskeli kutoka Sepuka, na kuku jike mwekundu amefungwa nyuma. Nikajitupia kitenge kichwani, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

"Baba Elia?"

"Hajambo."

"Elia?"

"Hajambo."

"Wazazi wako kule kwenu?"

"Hawajambo, mjomba."

Ninyi mnazijua salamu zetu. Hazina njia ya mkato, na mkwe hamkatishi mjomba wa mumewe. Akauliza ng'ombe, na sisi hatukuwa na ng'ombe, kwa hiyo ikabidi tuwazungumzie hao ambao hatuna. Akauliza mbuzi. Akauliza alizeti ya mwaka huu, akaja akauliza na ya mwaka jana. Kichwa kilikuwa kimeanza kuwasha, kisha kuchoma, kisha nikahisi kama mtu ananiwekea makaa moja moja kwa mpangilio.

"Na yule jirani yenu aliyevunjika mguu?"

"Amepona, mjomba."

"Mguu wote?"

"Wote."

"Na ule mwingine?"

"Ule mwingine haukuvunjika, mjomba."

"Tumshukuru Mungu."

Machozi yakaanza kunitiririka. Mzee akainama akanitazama. "Mkwe, unalia nini?"

Ningesema nini? "Mjomba, naungua"? Nikasema, "Furaha, mjomba. Hatujaonana siku nyingi."

Mzee wa watu akaguswa sana. Akavua kofia, akasema tuombe. Na mtu aliyetoka Sepuka kwa baiskeli ana mengi ya kushukuru. Alishukuru kwa kila mteremko, na kwa kila mlima aliomba nguvu za kurudia. Aliposema amina mimi nilikuwa tayari nyuma ya nyumba, kichwa ndani ya pipa.

Nywele zilibaki kwenye taulo. Nasema kwa haki kabisa, zilikuwa zimenyooka vizuri sana, hazikuwa na kasoro isipokuwa kwamba hazikuwa kichwani. Kituo cha afya walinisafisha vidonda. Muuguzi aliniuliza kazi yangu, nikamwambia mkulima. Mzee Yohana naye, mpaka anafariki, alisimulia ukoo mzima kwamba mkwe wa Ikungi analia machozi akiona ndugu wa mumewe, na wake wengine wa ukoo walinichukia kwa hilo, wakiulizwa machozi yao yako wapi.

Kesho yake nilikwenda mjini kwa Bi Saumu nimejifunga kilemba. Alikifungua. Alitazama, halafu alicheka mpaka akakaa sakafuni, miguu mbele kama mtoto. Alipomaliza kucheka akafuta macho, akaingia ndani, akarudi na wigi.

"La harusi ya mdogo wangu hili. Vaa. Jumamosi ufungue kazi."

"Nitakuwa nawadanganya watu, mama."

"Mwanangu, watu watadanganyika na kichwa chako. Wewe vichwa vyao usividanganye hata kimoja."

Nikafungua Jumamosi. Mteja wa kwanza alikuwa Mwalimu Foibe, mwalimu wa hesabu, ambaye mnamjua nyote. Yeye ndiye mtu niliyesema nitamfikia.

Alikuja na daftari la miraba. Nywele zake wakati ule zilikuwa zimechoka. Dada yake alikuwa anampaka dawa nyumbani kuanzia ncha hadi mzizi kila mwezi, wali ukirudishwa jikoni mwaka mzima. Nilimpa "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia, akakaa, akanitazama kwenye kioo.

"Hizo zako zina muda gani?"

Jibu sahihi lilikuwa "tangu jana". Nikasema, "Zina muda, Mwalimu."

"Nataka kama hizo. Itachukua muda gani?"

Nilipima kichwa chake kwa vidole. Hapo sikudanganya. Nikamwambia tukate zilizoharibika, tusiguse dawa kwa wiki kumi, halafu twende kwa kila wiki nane, nywele changa tu. Miaka miwili.

"Nitahesabu," akasema, akaandika.

Nilimkata ncha, nikamwosha, nikamweka kwenye draya zikauke. Mnajua mtu akiwa chini ya draya hupiga kelele akidhani wengine nao hawasikii. Mwalimu Foibe akaanza kunisimulia, na barabara nzima, habari ya fundi cherehani wa sokoni. Fundi alimwambia gauni liko tayari, akalifuata, akakuta kitambaa hakijakatwa.

"Sasa akinisalimia nasikia upepo tu! Navuka barabara! Mimi mtu akinidanganya mara moja nimeshamfuta!"

"Kwa gauni tu, Mwalimu?"

"Gauni, kanzu, hata kitufe!"

Nikajirekebisha wigi. Na nilimwona mwenyewe siku ya mnada. Fundi alisema shikamoo kwa adabu zote, na Mwalimu Foibe akapita kama anayepita mti. Nikajua kwamba siku akigundua, nitakuwa mti. Nyuma yake kulikuwa na walimu wa shule tatu waliomfuata popote alipotengeneza nywele, lakini si wao walioniogofya. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumpenda.

Alikuja kila wiki nane bila kukosa. Kila Jumapili jioni alihesabu nywele zilizobaki kwenye kitana na Jumatatu alipita kunisomea matokeo.

"Wiki hii kumi na saba."

"Iliyopita?"

"Ishirini na tatu. Mbili nina mashaka nazo. Huenda ni za dada yangu."

Kila nililomshauri alitaka kujua kama na mimi nalifanya. Maswali yake niliyajibu kama ambavyo ningefanya ningekuwa na nywele. Unalala na nini? Kitambaa laini cha satini, Mwalimu, pamba inanyonya mafuta na kukwaruza. Na ni kweli nililala na kitambaa. Wigi lililala juu ya sufuria. Pasi ya moto? Mara moja kwa mwezi, si kila ukiitwa kwenye kikao. Siku nyingine funga rola, zikauke zenyewe. Mafuta? Ya alizeti, matone machache kwenye ncha. Ukizidisha utanukia maandazi, na nimewahi kuwa na mteja aliyefuatwa na mbwa wawili mpaka nyumbani. Chana kuanzia chini kwenda juu, kwa chanuo lenye meno mapana, nywele zikiwa na unyevu na kondishena. Usichane nywele za dawa zikiwa kavu na wewe una hasira. Kila baada ya miezi mitatu punguza ncha, hata kama roho inauma.

Kile nisichokuwa na ushauri nacho ni upepo. Mnaishi hapa, mnajua upepo wetu unavyovuma kuanzia mwezi wa saba. Kila nilipotoka nje nilishika kichwa kwa mikono miwili. Siku moja Mwalimu Foibe akanikuta nimesimama mlangoni hivyo.

"Mama Elia, kichwa kinauma?"

"Kidogo, Mwalimu."

Akafungua pochi akanipa vidonge viwili vya maumivu, akasimama mpaka nikameza. Kesho yake upepo ukavuma tena, akanipa viwili vingine. Mwisho wa mwezi alikuwa amenitangaza kwenye jumuiya ya kanisani, na wanawake kumi na wawili wakaja nyumbani kuniombea kichwa. Mmoja alitaka kuweka mkono juu yake. Nikasema Mungu anasikia hata kwa mbali. Baba Elia alikaa pembeni akiuma midomo, na walipoondoka akauliza, kama alivyozoea kuliita wigi, "Mgeni hajambo?"

Mgeni aliniponza mara moja tu, na aliyemponza ni yule kuku mwekundu wa Mzee Yohana. Nilikuwa nimelifua wigi, nikaliweka kwenye ungo nyuma ya nyumba likauke. Niliporudi kulichukua kuku alikuwa amekaa ndani yake, amevimba, ananitazama kama mwenye hati ya kiwanja. Nilipopeleka mkono akanidonoa. Mbele kule nikasikia sauti: "Hodi! Ni mimi, Foibe! Nimewahi!"

"Baba Elia, mwondoe huyu kuku!"

"Anataga," mume wangu akasema. "Si vizuri kumsumbua."

"Mteja yuko mlangoni na mimi sina nywele!"

"Mgeni amepata mgeni. Mpe muda."

Nilimpigia Mwalimu kelele kupitia dirishani kwamba naoga. Alisubiri nusu saa nzima. Kuku aliondoka kwa wakati wake, akaacha yai. Nilivaa wigi likiwa na joto. Mwalimu akaninusa, akasema, "Leo umetumia kitu kipya," na akaandika kwenye daftari kitu ambacho sikuthubutu kukisoma.

Wakati huo wote nywele zangu zilikuwa zinaota. Nilikuwa nikiutii ushauri wangu mwenyewe, bila moto na bila dawa, maji ya mvua na alizeti, na kufikia mwaka wa tatu nilikuwa na kichwa kizuri, chenye nywele zangu za kuzaliwa, nzito, na fupi kwa kuwa nilizipunguza ziingie chini ya wigi. Mngetegemea nivue wigi. Sikuvua. Mtu anatokaje na nywele za mabegani jioni akaingia na nywele za vidole viwili asubuhi? Kwa hiyo miaka mitatu ya kwanza nilivaa wigi kwa sababu sikuwa na nywele, na mitatu iliyofuata kwa sababu nilikuwa nazo.

Mwishowe tulipata msiba Shelui, nikafunga saluni siku tano, na niliporudi nilikuja na kichwa changu. Mwalimu Foibe aliingia, akakaa kwenye benchi la kusubiria ingawa kiti kilikuwa wazi.

"Umezikata."

"Nimezikata, Mwalimu."

"Zote?"

"Zote."

Ilikuwa nafasi yangu. Saluni ilikuwa tupu, tulikuwa wawili, na neno lilikuwa limefika kwenye meno. Halafu akasema, "Ungeniambia, ningekuja kuziaga." Neno likarudi tumboni.

"Na kichwa kinauma bado?" akauliza.

"Kimepona kabisa."

"Basi zilikuwa nzito."

Akaenda kuwaeleza jumuiya kwamba kichwa cha Mama Elia kilikuwa kinauma kwa uzito wa nywele, na maombi yamejibiwa. Wanawake wawili walikuja wiki hiyo hiyo wapunguziwe.

Miaka ikaenda. Mitindo ilibadilika, wasichana wakaanza kuja na picha kwenye simu, wengi wakarudi kwenye nywele za asili, na wengine walitaka asubuhi wawe na asili na jioni wawe na dawa. Nimewahudumia wote. Lakini nikiulizwa ni kichwa gani najivunia, ni cha Mwalimu Foibe. Kufikia mwaka wa pili nywele zake zilipita mabega. Kufikia mwaka wa tano zilikuwa nzuri kuliko wigi, nyeusi, nzito, zenye uhai ambao nyuzi za kiwandani hazina. Wateja wakaacha kusema kama zako, wakaanza kusema, "Nataka kama za Mwalimu." Ukitafuta asili ya nywele nzuri zilizopo Ikungi leo, utafika kwa mwanamke mmoja aliyehesabu bila kuchoka akifuata mfano wa kitu kilicholala juu ya sufuria.

Bi Saumu, Mungu amrehemu, alikuja kumwona mara moja. Alipitisha vidole, akavuta kidogo, akasema, "Huyu hujamdanganya." Mwalimu Foibe akauliza, "Anidanganye nini?" Bi Saumu akajibu kwamba wasusi wote ni waongo, isipokuwa wachache, akaomba chai.

Ndivyo nilivyofika mwisho wa kazi. Kifua hakitaki tena harufu ya dawa na magoti yamegoma kusimama. Nimewaachia vitana, draya mbili, moja yake inayopiga mluzi, na mapipa manne. Mlipotaka niandike, nilijua kwamba nikiruka habari ya wigi nitakuwa nawafundisha nusu. Nisipowaambia jinsi nilivyoungua, mtamsalimia mjomba wa mtu mteja akiwa na dawa kichwani. Na nikiandika, Mwalimu atasoma, kwa sababu anasoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia vitumbua.

Kwa hiyo Jumatatu nilimpelekea kwanza yeye, kuanzia mstari wa kwanza hadi hapo kwenye vitumbua. Nilimkuta anapepeta mtama. Nilimwambia, "Shikamoo, Mwalimu. Nimeandika mambo ya kazi. Naomba usome kabla ya wengine. Kuna jambo humo nilipaswa kukuambia siku nyingi."

"Marefu?"

"Kurasa kumi na moja."

"Yana hesabu?"

"Kidogo."

"Acha hapo."

Aya hizi za mwisho nazipachika leo Ijumaa. Karatasi zimerudi. Mwalimu Foibe alizipitisha saluni kwenye bahasha, akampa Sabina, akaenda zake. Nimezisoma zote mara tatu. Amesahihisha kwa penseli. Penye maombi ya kichwa, nilipoandika wanawake kumi na wawili, ameandika "kumi na wanne, uliwasahau mapacha". Penye kuku ameandika "dakika arobaini, si nusu saa". Penye fundi cherehani ameandika "ilikuwa sketi".

Kuhusu wigi hakuna neno. Pale niliposimulia alivyoniuliza zina muda gani, na mimi nikajibu zina muda, pembeni kuna tiki moja ndogo, kama ile mwalimu wa hesabu anayoweka kwenye jibu sahihi. Au ile anayoweka kuonyesha amefika hapo. Nimeipeleka dirishani, nimeitazama na miwani na bila miwani.

Nilimuuliza Sabina kama Mwalimu alisema chochote. Sabina alisema aliulizia zamu yake ya kesho, kama iko pale pale saa tatu, na kama mimi nitakuwepo.

"Aliuliza kwa sauti gani?"

"Ya kawaida, anti."

"Mwalimu Foibe hana sauti ya kawaida."

"Basi kwa hiyo hiyo yake."

Mchana huu nilijifanya nina shida ya chumvi dukani, nikapita njia ya nyumbani kwake. Alikuwa amekaa barazani, kitambaa cha satini mapajani, anachana nywele kuanzia chini kwenda juu, kwa chanuo pana. Nilisimama barabarani nikasema shikamoo. Upepo ulikuwa mkali na sikusikia kama ameitikia. Aliinua mkono wenye chanuo, akaupunga mara mbili. Pale barazani kwake, lakini, mtama ulikuwa umeanikwa, na kuku walikuwa wameanza kuusogelea, kwa hiyo sijui mkono ule ulinijibu mimi au uliwafukuza wao.